Mwongozo wa Shabiki: Kusubiri Kutwa, Kushangilia Sekunde Ishirini

Hongera. Mtu wako, awe mume, dada au shemeji, amelipa mamia ya yuro kwa hiari yake ili aogelee kilomita 3.8, aendeshe baiskeli kilomita 180, kisha akimbie kilomita 42.2, yote kwa siku moja na bila kufukuzwa na mtu. Wewe hukulipa, hukufanya mazoezi, na hakuna medali inayokungoja. Hata hivyo, kazi yako itaanza kabla ya yake na kwisha baada ya yake.

Mwongozo huu unahusu Challenge Roth, huko Bavaria, Ujerumani, ambako kila kiangazi maelfu ya wanamichezo hujitesa mbele ya umati mkubwa ulioshiba soseji. Ukifuzu ushabiki hapo, kwingine kote utapeta.

1. Jua mipaka ya madaraka yako

Zamani shabiki alikuwa na cheo. Mashindano ya kwanza ya Ironman, yenye masafa hayohayo, yalipofanyika Hawaii, tarehe 18 Februari 1978, watu 15 walianza, na kila mmoja alitakiwa kuja na wasaidizi wake wa kumlisha na kumnywesha. Wasaidizi wa John Dunbar waliishiwa maji njiani, wakaona si vibaya kumpa bia. Dunbar alimaliza wa pili, nyuma ya Gordon Haller aliyetumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58.

Sisemi kwamba bia ile ndiyo iliyotuponza, lakini leo kanuni hazituamini hata kidogo. Kumpa mwanamichezo ndizi, kumpokea chupa au kukimbia ubavuni mwake kumtia moyo kunaweza kumletea adhabu au kumtoa mashindanoni. Maji, kola, ndizi na jeli za sukari atazipata kwenye vituo rasmi. Chapati ulizoamka usiku kuzipika usimpe. Zifunge vizuri, zitapata kazi baadaye.

2. Alfajiri: ukubali kwamba hujamwona

Mzinga wa kuanzia hulia saa kumi na mbili na nusu asubuhi kando ya mfereji wa Main-Donau, unaofungwa meli zisipite siku hiyo. Kabla ya hapo mtu wako atakuuliza mara nyingi kama upepo wa magurudumu unatosha. Jibu ni "unatosha." Usimwambie kwamba maji yanaonekana ya baridi. Ana macho.

Wakishaingia majini, utaona vichwa vingi vyenye kofia za rangi moja na mikono mingi yenye nguo nyeusi za mpira. Mchague mmoja anayekupendeza umshangilie kwa moyo wote. Wako hasikii, kwa kuwa masikio yake yamo ndani ya maji. Baadaye akikuuliza kama ulimwona, sema alikuwa anaogelea vizuri sana.

3. Baiskeli: chagua kilima kimoja ukifie hapo

Shabiki mchanga hupanga kumfuata kwa gari kijiji hadi kijiji. Barabara zimefungwa, naye huishia kwenye shamba la mahindi, nyuma ya trekta, akisikia kelele za umati kwa mbali.

Shabiki mkomavu huenda Solarer Berg, kilima kilichopo Hilpoltstein, na huwahi mapema. Hapo watu husongamana pande zote mbili mpaka barabara inabaki uchochoro wa baiskeli moja. Njia ina mizunguko miwili, kwa hiyo atapita mara mbili. Piga hesabu: akienda kilomita 30 kwa saa, baiskeli peke yake itamla saa sita, na kati ya kumwona mara ya kwanza na ya pili zitapita karibu saa tatu. Ukijumlisha mara zote mbili, utakuwa umemwona sekunde ishirini. Wahenga walisema subira huvuta heri. Hawakusimama Solarer Berg.

Katika kungoja huko utakuwa ukiitazama programu ya simu inayomwonyesha kama kidoa kwenye ramani. Usikiamini kidoa hicho. Chipu iliyofungwa kifundoni mwake husomwa tu anapokanyaga mikeka ya kupimia muda. Kati ya mkeka na mkeka, programu inakisia kwa mwendo aliokuwa nao. Kidoa kikiganda, huenda amesimama kukojoa au mtandao umelemewa. Usipige simu hospitali. Na kikimpita bingwa wa dunia, usiwatangazie ndugu.

4. Kundi la WhatsApp la ukoo

Kuanzia saa tatu asubuhi, kundi litachangamka. Mjomba wa Tanga: "Ameshinda?" Shangazi wa Nakuru: "Yupo wa ngapi?" Binamu: "Zawadi ni shilingi ngapi?"

Usijaribu kueleza. Mwaka 2024, hapo Roth, mshindi wa wanaume Magnus Ditlev alimaliza kwa saa 7, dakika 23 na sekunde 24, na siku hiyohiyo mshindi wa wanawake Anne Haug akamaliza kwa saa 8, dakika 2 na sekunde 38. Wakati watu wa aina hiyo wanakata utepe, wako huenda hajavua hata helmeti. Andika hivi: "Anaendelea vizuri, tumshukuru Mungu." Huo si uongo, ni muhtasari.

Na kwa vyovyote vile, usimtumie mama mkwe picha ya kilomita ya 30 ya mbio.

5. Mbio: maneno ya kusema na ya kumeza

Hapa ndipo unapostahili nauli yako. Mtu anayeanza marathoni akiwa tayari na kilomita 180 za baiskeli miguuni ana masikio mepesi kuliko mkwe mpya.

Usiseme "umekaribia" mpaka yeye mwenyewe awe anauona uwanja wa kumalizia. Usimpe pole, kwani anayepewa pole hujiona mfiwa. Usimuulize anajisikiaje, maana atakujibu. Usimwambie waliompita ni wangapi, amewahesabu.

Muite kwa jina, kwa sauti, kisha mwambie jambo moja tu lenye uhakika: "Nitakuwa pale darajani, kilomita ya 30." Halafu uwe darajani. Atakuwa ameigeuza ahadi hiyo kuwa mradi wa maisha, akihesabu hatua kulielekea daraja lako. Ukiwa umekwenda kununua soseji, kisa hicho kitasimuliwa siku ya maziko yako.

Akilia au akikufokea, ni uchovu, mwache apite. Lakini akipepesuka na kuchanganya maneno, hapo utani umekwisha, muite mhudumu wa afya mara moja. Akidondoka mbele ya utepe, mikono yako ibaki mfukoni mpaka wahudumu waseme. Mwaka 1982, kule Hawaii, Julie Moss alianguka akiwa anaongoza wanawake, Kathleen McCartney akampita mita chache kabla ya mwisho, naye akatambaa mpaka mstarini akawa wa pili. Wengi wamemsahau mshindi, lakini aliyetambaa wanamkumbuka.

6. Baada ya utepe

Sasa fungua mfuko ulioubeba. Toa kandambili, maana miguu imevimba na viatu havimtaki tena. Toa nguo kavu. Toa zile chapati: baada ya kutwa nzima ya jeli tamu, kitu chenye chumvi kitamtoa machozi. Baiskeli, mabegi na ile nguo ya mpira inayonuka mfereji ni mizigo yako. Kwenye ngazi atashuka kinyumenyume. Usicheke kabla hajafika chini.

Usikimbilie hotelini. Wanaomaliza usiku kabisa, muda ukikaribia kwisha, hushangiliwa kuliko hata mabingwa, na siku hufungwa kwa fataki. Wapigie makofi. Kila mmoja wao naye ana mtu aliyesimama kutwa.

Usiku huo mtu wako ataapa kwamba hatarudia. Mpe siku tatu. Nafasi za Roth mtandaoni zimewahi kuisha ndani ya dakika moja, na atakayekuwa ameketi mbele ya kompyuta, kidole tayari, ni huyohuyo aliyeapa. Ikiwa hutaki kurudi, ifiche kadi ya benki mapema. Ikiwa huna ubavu huo, nunua kiti cha kukunja.