Muulize Mjomba Chumvi: Hakuna Jicho, Kuna Amonia

*Mjomba Chumvi, shikamoo. Nimehamia nyumba mpya Mbezi Beach, nikaona sebule haina hadhi bila tangi la samaki wa baharini. Jumamosi nilinunua tangi la lita 200, nikalijaza maji. Jumapili nikatia samaki kumi na mmoja wa rangi zote. Kufikia Ijumaa hakubaki hata mmoja. Mama mkwe anasema ni jicho la majirani, na ameanza kufukiza ubani. Nifanyeje? – Mfiwa wa Mbezi*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Ubani uendelee, maana unasaidia harufu, ila majirani waombe radhi. Aliyeua ni amonia. Samaki anakula, anapumua na kujisaidia kwenye maji yaleyale. Kinyesi chake na chakula kilichobaki huzaa amonia, nayo humuunguza matamvua. Uliwaona wanahema juujuu, midomo inagusa hewa? Ndiyo hiyo.

Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Tangi lako la Jumamosi halikuwa na bakteria wa kutosha, na hawa hawaji kwa haraka zako. Tia maji, mchanga na mawe, washa pampu, tupia kipande cha kamba mbichi wa sokoni kioze humo, kisha kaa utazame maji matupu. Wiki nne, sita, pengine zaidi. Wageni watacheka, waache wacheke. Pima kwa vile vichupa vya kubadilika rangi. Amonia ikipanda kisha ikashuka hadi sifuri, na nitriti vilevile, badilisha sehemu ya maji, ndipo umwingize samaki. Mmoja, mwanangu. Akizoea, baada ya wiki kadhaa, mwingine. Wale kumi na mmoja hukuwauliza hata kama wanaelewana, na kama mlikuwa na kikande humo, wenzake walikuwa na matatizo mawili.

Halafu iangalie meza yako. Lita 200 za maji ya chumvi ni zaidi ya kilo 200, bado kioo, mchanga na mawe.

*Mjomba, mume wangu kila jioni anakwenda na ndoo ufukweni Nyali kujazia maji yanayopungua kwenye tangi. Anasema samaki wa bahari anataka maji ya bahari. Samaki wamedhoofika, na mimi nimechoka kufagia mchanga sebuleni. – Mke wa Ndoo, Mombasa*

Bibie, mumeo ana mapenzi, hesabu ndiyo hana. Maji yanapopungua tangini, kinachopaa ni mvuke, chumvi inabaki. Yeye akijazia maji ya bahari anaweka chumvi juu ya chumvi, kila jioni. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita moja. Tangi lenu sijui limefika wapi, na kipimo cha chumvi kinauzwa, anunue. Maji ya kujazia ni maji matamu yaliyochujwa, yasiyo na klorini ya bomba. Chumvi ikiwa imezidi, aishushe polepole kwa siku kadhaa, asiwashtue. Ndoo yake ina kazi siku ya kubadilisha maji tu, anapotoa kiasi na kurudisha kiasi, tena achote maji yakiwa yamejaa, mbali na mitaro na vyombo vya mafuta. Mwambie ni mimi niliyesema. Ukisema wewe hatasikia.

*Mjomba, mtoto ameona filamu, analilia Nemo na yule rafiki yake wa buluu. Binamu yangu mvuvi atanivulia bure pale Mbudya. – Baba Mwema, Kunduchi*

Mbudya ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Mwambie binamu atulie.

Nemo wa ile filamu ya 2003 hata si wa bahari yetu. Wa kwetu ni jamaa zake, mmojawapo mweusi mwenye mikanda miwili myeupe. Habari njema ni kwamba Nemo huzalishwa na wafugaji. Nunua wawili waliozaliwa tangini: wamezoea chakula cha punje na hawakumpunguza mtu miambani. Wote huanza madume, kisha mkubwa hugeuka jike. Mtoto akikuuliza, mjibu hivyohivyo.

Yule wa buluu ni ukoo wa kangaja. Hufika sentimita 30 na anataka nafasi ya kuogelea. Hapana. Wala usishawishike na kitatange kwa uzuri wake; wengi wao hula matumbawe hai, atadonoadonoa kioo, aipite punje yako, afe njaa chakula kikiwa mbele yake.

Dukani uliza: amezaliwa tangini au amevuliwa? Amevuliwa wapi, kwa wavu au kwa sumu? Ufilipino na Indonesia wapo waliozoea kupuliza sianidi miambani ili samaki walewe, na matumbawe yakafa. Kisha sema, mlishe nimwone. Muuzaji akinuna, mwachie samaki wake.

*Mjomba, niko Florida. Nina samaki mwenye mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, wa kwetu kabisa Bahari ya Hindi. Nahama, nimemwonea huruma, nataka kumwachia baharini. – Mpwani Ughaibuni*

Usithubutu! Ndugu zake walianza kuonekana Florida 1985, na inaaminika walitoka kwenye matangi ya watu wenye huruma kama yako. Leo wameenea Karibiani nzima, wanameza samaki wachanga wa miamba ambao hawajui kuwaogopa. Huku kwetu ni mwenyeji, huko ni janga. Mrudishe dukani au mpe mfugaji mwenye tangi kubwa, na umshike kwa chombo, si kwa mkono.

Na ninyi mnaoniandikia kuhusu kufuga papa sebuleni: jibu ni lilelile la wiki iliyopita. Hapana.