Mkwara wa Poka kwa Wasio na Karata

Sogea karibu, tusisikike. Karata nzuri haziji. Ree mbili mkononi hupatikana kwa wastani mara moja katika migao 221. Ukizingoja, wenzako watakuwa wameshagawana fedha zako. Jifunze kushinda bila hizo.

Kwanza, sheria, na tuzipite mbio. Katika Texas Hold'em unapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa tatu, halafu moja, halafu ya mwisho, na hizo ni za wote. Kati ya saba, tano bora ndizo zako. Kila hatua unalipa dau, unapandisha au unajitoa.

Pili, tupa. Saba na mbili za maua tofauti zitupe bila kuziaga. Ukitupa sana, meza nzima itakuona mtu makini, na hiyo sifa ndiyo mtaji wetu.

Tatu, piga mkwara. Mpige mtu mmoja, si watatu. Kati ya watatu hakosekani mwenye karata za kweli. Chagua anayejiona mjanja, maana mjanja hujitoa ili baadaye aseme alikusoma. Yule anayelipa kila dau ili aone tu, mwache, hatishiki. Na uongo wako uanze mapema: ukitaka waamini una shupaza tano, pandisha dau tangu shupaza za mezani zinapoanza kufunuliwa. Wengi hukumbuka kudanganya karata ya mwisho ikishatoka, ndiyo maana hunaswa.

Mtazame Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, fainali ya World Series of Poker, Las Vegas, 2003. Mkononi ana mfalme na saba. Shupaza anayoingoja haikuja, hata jozi hana. Sam Farha, anayeishi kwa kamari, ana jozi ya tisa. Moneymaker akasukuma fedha zake zote katikati, akanyamaza kimya. Farha akawaza, akawaza, akatupa. Baadaye mhasibu akatwaa ubingwa na dola milioni 2.5.

Mkwara ukikubali, usifunue karata. Utatamani mno waone ulivyowaweza, zirudishe kifudifudi. Ukinaswa, funua upesi, mwambie "umenipata, ndugu yangu," uombe mgao mwingine. Watakuhesabu mwongo, na siku ukishika karata za kweli watakulipa hadi senti ya mwisho.