Jinsi ya Kutengeneza Maji ya Fedha Ukiwa Mwanda

Umeamua. Binamu amekutumia ujumbe kwenye simu: tumbukiza vipande viwili vya madini ya fedha ndani ya gilasi ya maji, unganisha na betri, subiri, kunywa. Mafua, homa ya matumbo na vidonda vya tumbo, kwaheri. Mtoto anakohoa, hospitali ya Wesu ni mbali, na mfukoni hamna nauli. Nakuelewa, na kwa sababu nakutakia heri nimekuandikia mwongozo huu. Tuufuate pamoja bila kuruka hatua.

Anza na maji. Ya mtoni hayafai, ya kisima hayafai, hata yale ya chemchemi za Mzima yanayowafikia watu wa mji wa Voi kwa bomba hayafai kwa kazi hii. Yote yana chumvichumvi, na kloridi iliyomo hushikana na fedha ikawa unga mweupe unaoelea. Kinachotakiwa ni maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa. Utaambiwa ushuke Voi ununue maji ya betri kwenye kituo cha mafuta. Hapo simama kidogo. Maji ya betri hayakutengenezwa ili yanywewe, na muuzaji huyohuyo huuza asidi ya betri pia. Mtu akikosea chupa, jikoni mwenye watoto, hakuna fedha duniani itakayomsaidia.

Sasa fedha yenyewe. Iwe safi kwa asilimia 99.9. Mkufu wa sonara wenye mhuri wa 925 una fedha asilimia 92.5, na iliyobaki kwa kawaida ni shaba, ambayo nayo itaingia kwenye gilasi. Labda unaikumbuka shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki aliyoiacha nyanya kwenye sanduku. Zile za kati ya 1921 na 1946 zilikuwa na fedha robo tu, na zilizofuata hazikuwa nayo kabisa. Irudishe sandukuni, mjukuu ataifurahia.

Tuseme fedha safi umepata, na betri tatu za volti 9 umeziunga. Ndipo tunafika kwenye jambo ambalo ujumbe wa binamu haukuligusa: maji yawe ya joto gani?

Joto ndilo linaloendesha kila kitu humu. Umeme ukipita, chembe zenye chaji huchomoka kwenye kipande kimoja na kusafiri majini. Maji ya baridi ni mazito kidogo kwa chembe hizo, kwa hiyo zinajikokota; yakipashwa moto, zinakimbia. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka huongeza upitishaji wa umeme kwa takriban asilimia 2. Fikiria asubuhi ya Julai hapa kijijini Mwanda, ukungu umeshuka kutoka kilele cha Vuria na maji ya ndoo yanauma vidole. Kisha fikiria gilasi hiyohiyo mchana wa Februari huko Voi, au ile iliyotoka jikoni ikifuka mvuke. Betri ni zilezile na muda ni uleule, lakini mkondo wa umeme unaweza kuzidi mara mbili, na fedha iliyoingia majini ikazidi mara mbili pia. Halafu kadiri fedha inavyoingia, maji yanazidi kupitisha umeme, na kasi inaongezeka yenyewe. Katika joto chembe hugongana zaidi, zikashikana na kuwa vipande vikubwa vinavyotuama chini. Wanaofanya kazi hii majumbani wanabishana sana kama maji yaanze yakiwa baridi au moto. Ubishi wao haumsaidii mnywaji, maana hakuna upande unaoweza kumwambia amekunywa fedha kiasi gani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mkondo wa miliampea 1 kwa saa moja hutoa takriban miligramu 4 za fedha. Ukiwa na lita moja ya maji, hizo ni miligramu 4 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limesema maji ya kunywa yanaweza kuvumilika yakiwa na hadi miligramu 0.1 kwa lita. Umeshavuka kiwango hicho mara 40, na huna kifaa cha kupimia. Mwambie binamu hivyo, kwa upole.

Hatua ya kunywa niieleze polepole, kwa sababu ndiyo isiyorudishika. Sehemu ya fedha inayoingia mwilini hutulia kwenye ngozi. Mwanga wa jua ukiigusa huigeuza rangi, jambo lilelile lililowezesha picha za filamu. Ngozi inageuka kijivu chenye ubuluu na haigeuki tena. Kwa sisi weusi rangi hiyo huonekana pia kwenye kucha, ufizi na weupe wa macho. Stan Jones wa jimbo la Montana, Marekani, alianza kujitengenezea maji haya mwaka 1999 akihofia kwamba mwaka 2000 dawa zingeadimika. Alipogombea useneta mwaka 2002, ngozi yake ilikuwa tayari imebadilika. Mwaka huo wa 1999 ndio serikali ya nchi yake ilipotangaza kwamba dawa za aina hiyo hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na nguvu ya kutibu. Linaloniogopesha zaidi kwa kijiji chetu ni hili: fedha inaweza kuzuia mwili usifyonze baadhi ya dawa za bakteria na dawa ya tezi. Mama anayekunywa vidonge alivyopewa hospitali, kisha akavisindikiza kwa gilasi hii, anajinyima dawa aliyoifuata kwa jasho.

Fedha ina kazi yake, na sitaidharau. Krimu ya majeraha ya moto ina fedha ndani. Limuru kuna karakana ya Chujio Ceramics inayofinyanga vyungu vya kuchujia maji na kuvipaka fedha ya namna hii. Hapo fedha inakaa kwenye udongo, inapambana na vijidudu, na mnywaji anapata maji safi. Kama una hamu ya fedha, weka akiba ununue chungu cha namna hiyo.

Lakini kama una sufuria jikoni, tunaweza kuendelea na jambo la joto, kwa sababu hapo ndipo dawa ilipo. Voi, karibu mita 600 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 98 hivi. Kilele cha Vuria kina mita 2,200 na ushei, na huko yangechemka karibu na nyuzi 93. Mwanda iko katikati. Ndiyo maana maharage ya chakula chetu cha kimanga huchelewa kuiva huku juu kuliko kule chini, na kuni zinakwisha. Kwa vijidudu, hata hivyo, tofauti hiyo si kitu. Vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na amiba vyote hufa kabla maji hayajachemka. Yaache yatokote kwa dakika moja, au tatu kama uko juu sana, uyafunike na yapoe yakiwa na kifuniko.

Aliye Voi ana njia nyingine isiyo na kuni. Maji maangavu kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, yalazwe kwenye mabati juani kwa saa sita. Yakifika nyuzi 50 kazi inakwenda haraka zaidi. Jaribio lililofanywa kwa watoto wa Kimaasai huko Kajiado, na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996, lilionyesha kwamba waliokunywa maji ya jua waliharisha kidogo kuliko wenzao. Huku Mwanda penye mawingu chupa zikae siku mbili, na wiki ya ukungu mzito rudi kwenye sufuria.

Na yule mtoto? Akiwa anakohoa na kupumua kwa shida, nauli ikopwe leo. Akiwa anaharisha, maji yako uliyoyachemsha na kuyapoza ndiyo ya kuchanganyia pakiti ya ORS, lita moja kwa pakiti ya lita moja. Pakiti ikikosekana, kwenye lita hiyo moja tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo. Usiuchemshe tena mchanganyiko huo. Mpe kidogokidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi uendelee. Kesho yake yaliyobaki yamwage, uchemshe mengine.