Mhadhara wa Elimujoho: Mnagombea Mahadhi, Wimbo Mmeusahau

Waheshimiwa wapenzi wa filamu, na ninyi mliofuata harufu ya sambusa mkajikuta humu ndani: zimeni simu, fungeni mlango, na mwenye chafya aimalize sasa. Mbele yenu amesimama Profesa Mwandamizi wa Elimujoho, yaani taaluma ya mashujaa wanaovaa chupi juu ya suruali na kuiokoa dunia kabla popcorn hazijaisha. Cheo hicho nimejitunuku mwenyewe, katika kikao nilichokiongoza mwenyewe na ambacho akidi yake ilitimia pale nilipoketi. Vyuo vikuu havikuhusishwa, kwa sababu havina mtu wa kunisahihishia mtihani. Msipige makofi bado, yawekeni akiba.

Ugomvi ninaoukata leo umedumu miaka. Washabiki wa filamu za masupahiro wamegawanyika kama Simba na Yanga, na kila upande una hakika kwamba mwamuzi amehongwa. Kundi la kwanza linalalamika kwamba mizaha imezidi: jitu linataka kuangamiza ulimwengu, na shujaa bado anatania. Kundi la pili linalalamika kwamba giza limezidi: mvua hainyeshi ila usiku, na hakuna aliyecheka tangu baba yake auawe. Kundi la tatu, ambalo kwa kawaida limeona filamu mbili na nusu, linasema zote ni moja. Hukumu yangu ni kwamba makundi yote matatu yamekosea, ila la tatu limekosea likiwa karibu zaidi na mlango wa ukweli. Mnagombania mahadhi. Mahadhi ni jinsi wimbo unavyoimbwa. Wimbo wenyewe, mabibi na mabwana, umo katika nusu saa ya mwisho, na huko ndiko anuwai ya filamu hizi hupatikana au hukosekana. Kipimo hiki nimekipa jina langu, kwa unyenyekevu mkubwa.

Nianze na Batman, kwa kuwa hakuna shujaa aliyebadilishiwa mahadhi mara nyingi kama yeye. Katika filamu ya mwaka 1966, Adam West ananing'inia kwenye ngazi ya helikopta juu ya bahari, papa amemng'ang'ania mguu. Msaidizi wake Robin anashuka kichwa chini, miguu juu, anamkabidhi kopo la dawa ya kufukuza papa. Angalieni rafu ya makopo hayo: lipo la papa, lipo la nyangumi, lipo la taa, yote yameandikwa vizuri kama duka la dawa lenye mkaguzi mkali. Mvuvi yeyote wa Kilwa angelinunua. Tim Burton alipomteua Michael Keaton, mtu aliyejulikana kwa vichekesho, kwa filamu ya mwaka 1989, washabiki waliandika maelfu ya barua za kupinga, wakiogopa kwamba makopo yanarudi. Burton akawapa giza. Mwaka 1997 Joel Schumacher akawarudishia rangi za pipi na utani wa barafu, na Batman akakaa nje ya sinema miaka 8 hadi Christopher Nolan alipomrejesha mwaka 2005, amenuna. Matt Reeves mwaka 2022 akamnyeshea mvua kwa karibu saa tatu.

Safari ndefu ya mahadhi, si ndiyo? Sasa wekeni kipimo changu. Mwaka 1989 Gotham inatishiwa na gesi ya sumu. Mwaka 1997 inatishiwa na barafu. Mwaka 2005, na sumu ya kutia hofu. Mwaka 2012, na bomu la nyuklia. Mwaka 2022, na mafuriko. Waongozaji wanne, mahadhi manne, na mji uleule maskini unaopaswa kufa wote kwa pamoja kabla taa za ukumbi hazijawashwa. Ningekuwa na kiwanja Gotham, ningekiuza leo kwa bei ya kutupa.

Ipo moja niliyoiruka, na sikuiruka kwa kusahau, kwa maana mimi sisahau. Ni The Dark Knight ya 2008, ambayo washabiki wengi huiweka juu kabisa ya orodha zao kisha hudai sababu ni giza lake. Giza gani? Mwishoni kuna vivuko viwili majini, kimoja cha raia na kimoja cha wafungwa, na kila kimoja kimepewa kitufe cha kulipua kingine. Mfungwa mmoja mkubwa wa mwili anamsogelea mlinzi, anamwomba kile kidude, akisema kwa upole kwamba atafanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa dakika kumi nyuma. Mlinzi anampa. Mfungwa anakitupa dirishani, anarudi kukaa. Hapo hakuna joho wala ngumi, na aliyeamua kila kitu ni mtu aliyevaa sare ya jela ambaye jina lake hatuambiwi. Hicho ndicho mnachokikumbuka, wapendwa. Kwa kukosa mwalimu mmekiita giza.

Mwanasayansi wa kweli hutafuta jaribio, na Hollywood ilinifanyia jaribio bila hata kuniomba ushauri. Zack Snyder aliiacha Justice League kabla haijakamilika, kwa msiba wa familia; Joss Whedon akaimalizia, na mwaka 2017 ikatoka ya saa mbili, yenye rangi zilizochangamka na utani wa kutosha. Washabiki wakapiga kelele miaka mitatu na zaidi, hadi mwaka 2021 Snyder akatoa yake, ya saa nne, iliyokauka kicheko. Wahusika ni walewale, visanduku vitatu vinavyogombewa ni vilevile, adui ni yuleyule mwenye pembe. Kwa sehemu kubwa ni hadithi moja iliyovalishwa kanzu mbili. Lakini katika toleo la pili kuna jambo moja lililo jipya kwelikweli: mashujaa wanachelewa. Visanduku vinaungana, kila kitu kinalipuka, wameshindwa kabisa, na Flash, shujaa wa mbio, analazimika kukimbia hadi muda wenyewe urudi nyuma, ardhi ikijiunga upya chini ya nyayo zake. Muulize mshabiki wa toleo hilo akutajie tukio analolipenda. Hatasema rangi ya kijivu.

Nasikia mnong'ono kule nyuma kwamba soko limeshasema, watu wamechoka na mizaha. Mwenye hoja hiyo asimame, ajione. The Marvels ya 2023 ilikuwa na mizaha ikaingiza takriban dola milioni 206, aibu kwa filamu ya gharama ile. Mwaka uliofuata Deadpool & Wolverine, ambayo haina sentensi mbili mfululizo zisizo na matusi au utani, ikapita dola bilioni 1.3. Kama mzaha ndio ugonjwa, huyu wa pili alipaswa kufa kwanza. Na wale wa giza wasichekelee, kwa sababu Fantastic Four ya 2015 ilikuwa na huzuni ya kutosha misiba miwili, na watu hawakwenda. Mwaka 2018 Avengers: Infinity War ilimaliza kwa nusu ya viumbe hai kugeuka vumbi, na adui kuketi peke yake kutazama jua kama mkulima aliyemaliza kupalilia. Ikapita dola bilioni 2. Ndani yake mlikuwa na vichekesho tele, na giza tele. Kilichokuwa kigeni ni kwamba safari hii adui alifanikiwa.

Sasa pingamizi zito, la watu wa vibanda vya kuonyeshea filamu, ambalo nalijibu kwa heshima kwa sababu limetoka kwa wataalamu wenzangu. Wanasema: Profesa, mahadhi ndiyo kila kitu, ushahidi ni wasimulizi wetu wanaotafsiri filamu. DJ Afro wa Kenya huichukua filamu iliyonuna, akaitia Kiswahili na Sheng, na jenerali anayetangaza vita akawa mzee anayedai deni la sukari. Dar es Salaam alivuma Lufufu, na Uganda wapo ma-VJ wanaofanya vivyo hivyo kwa Kiganda. Filamu ileile, kibanda kinapasuka kwa kicheko. Nakubali yote, na nayatumia dhidi yenu. Kama mtu mmoja mwenye maikrofoni anaweza kubadilisha mahadhi yote ya filamu ya mamilioni ya dola kabla chai haijapoa, basi mahadhi ni kitu chepesi, huvuliwa na kuvaliwa. Lakini msimulizi hodari kuliko wote hawezi kumzuia Logan, shujaa wa filamu yenye jina lake, asife. Kanuni kuu ya kibanda umiza ni kwamba stelingi hafi. Mtoto wa miaka sita anaijua na hulala usingizi kwa kuitegemea. Mwaka 2017 James Mangold akaivunja. Kazi ya shujaa katika filamu ile ni kumfikisha binti mmoja mpakani mwa Kanada. Hakuna mji unaotishiwa. Anakufa msituni, anazikwa na watoto, wamesimamisha msalaba wa vijiti, na yule binti anarudi kuung'oa, anaulaza ubavu ukawa herufi X. Tilia hapo utani wowote, kwa lugha yoyote; kaburi litabaki.

Wengine watanitajia Captain America: The Winter Soldier ya 2014, inayosifiwa kuwa filamu ya ujasusi wa kisiasa kama zile za miaka ya 1970, na ushahidi wenyewe eti ni Robert Redford. Nampenda Redford. Lakini kipimo hakina upendeleo: nusu saa ya mwisho meli tatu kubwa za angani zinaanguka, na ujasusi unaanguka nazo. Afadhali Ant-Man ya mwaka uliofuata, ambayo ilidharauliwa kuwa ndogo. Pambano lake linafikia kilele chumbani kwa mtoto, juu ya reli ya treni ya kuchezea. Kamera ikiwa karibu, treni inanguruma kama ya kwenda Dodoma na wapiganaji wanarushwa huku na huko. Kamera ikirudi nyuma, ni Thomas mwenye uso wa tabasamu, anaanguka ubavu kwa kamlio kadogo ambako hakangemwamsha paka. Udogo huo ndio ubingwa. Na kwa kuwa nina moyo mkubwa, Doctor Strange ya 2016 nayo naipa cheti: daktari hampigi adui hata kofi, anamrudia tu na kuuawa, anarudi na kuuawa, kama mdai anayebisha hodi kila alfajiri, mpaka jitu lenye ukubwa wa anga linaomba yaishe.

Limebaki pingamizi la wazee, ambalo ndilo pekee lililonifanya ninywe maji. Wanauliza: kurudia kuna kosa gani? Tangu lini mtu akamlalamikia bibi kwamba Sungura anamshinda Fisi tena? Mwisho unajulikana tangu paukwa, na pakawa ikaitikiwa kwa furaha. Swali zuri, nitalidai kuwa langu katika matoleo yajayo. Lakini msikilizeni bibi vizuri. Kwamba Sungura atashinda tunajua. Hila yake hatuijui. Leo amejifanya maiti, kesho amejifanya mganga, na mara nyingine Kobe mwenye miguu mifupi anamwadhiri kwenye mbio. Bibi hajawahi kumaliza hadithi ishirini kwa Sungura kurusha mwali wa buluu kuelekea mbinguni. Mashujaa wetu wamefanya karibu hivyo, na Suicide Squad ya 2016 ina mwali wa namna hiyo, ukizunguka na takataka zake juu ya mji, nendeni mkauone kama ni lazima.

Kuhusu mwongozaji Martin Scorsese, aliyesema mwaka 2019 kwamba filamu za Marvel si sinema bali zinafanana na viwanja vya michezo na bembea, nitakuwa mfupi. Mwaka huohuo Joker ilitwaa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice, nayo imekopa waziwazi kutoka Taxi Driver na The King of Comedy, zote mbili za Scorsese, na Robert De Niro aliyeigiza katika zile akawekwa na katika hii. Kwa hiyo mzee aligombana na jirani aliyekuwa amevaa shati lake.

Nimalizie na Superman wa James Gunn wa mwaka 2025, maana najua mmekuja kwa ajili yake. Yule wa 2013 alimvunja adui shingo. Huyu ana mbwa asiye na adabu, rangi zinazong'aa, na ile chupi ya nje imerudi mahali pake pa asili. Washabiki wamerudi viwanjani kupima mahadhi. Mimi nimechukua tukio moja tu: dubwana linakanyaga mji, majengo yanatetemeka, na Superman anasimama kumnyakua kindi mmoja asikanyagwe, anamweka pembeni. Wapo walioona ni upuuzi. Kwa kipimo changu ni sekunde chache za filamu nyingine kabisa, iliyopenya ndani ya hii bila tiketi. Ubaya wake ni kwamba imewekwa mapema, na mwishoni mji unagawanyika vipande viwili kama kawaida.

Naona mnakusanya mikoba. Kaeni! Miaka yote hii hamjajifunza kwamba hakuna anayeondoka kabla majina hayajaisha? Mwaka 2012, baada ya Avengers kuubomoa New York ili kuuokoa, majina yote yakapita, kisha mgahawa ukatokea. Vumbi bado liko sakafuni, mtu anafagia. Mashujaa sita wamezunguka meza wanakula shawarma. Chris Evans, yule Captain America, ameegemeza uso mkononi kuficha taya, kwa kuwa alikuwa amefuga ndevu za filamu nyingine. Thor anatafuna. Hakuna anayesema neno, na hilo linaendelea kwa karibu nusu dakika. Sasa, bwana uliyeshika swichi, usiwashe taa kwanza, na yule mwenye sambusa azipitishe huku mbele.