Mbio za Nyanya

Mwezi wa Januari nilimpigia mamangu simu kumwambia kwamba nimejiandikisha kukimbia Mbio za Nyanya.

"Nyanya za kupikia?" akauliza.

Kwetu Likoni nyanya ya kupikia ni tungule, lakini mamangu ameuza mboga miaka mingi, na wachuuzi wa bara pale soko la Kongowea walishamharibu ulimi.

"La, Mama. Nyanya, mzee."

"Nyanya wa nani? Amefariki lini?"

Ikabidi nieleze. Marathoni yenyewe inaitwa Grandma's, hukimbiwa kila Juni kaskazini mwa Minnesota, kandokando ya Ziwa Superior mpaka mji wa Duluth. Ilipoanza mwaka 1977 wakimbiaji walikuwa 150 hivi tu, na waandaaji walipokuwa wakihangaika kutafuta mfadhili, mkahawa uitwao Grandma's ndio uliotoa pesa. Mbio zikachukua jina la mkahawa. Hakuna nyanya aliyekufa.

Mamangu akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo wewe unalipa pesa zako, ukakimbie kilomita arobaini na mbili, kwa ajili ya hoteli."

Sikuwa na jibu siku ile, na hata leo bado nalitafuta.

Niseme mapema kabla hujanifikiria vingine: mimi ni Mkenya nisiyejua kukimbia. Nyumbani hilo si jambo la kushangaza, Wakenya wa aina yangu wamejaa tele. Lakini hapa Minneapolis, nikitaja nilikotoka, macho ya watu hushuka moja kwa moja mpaka miguuni mwangu. Nimejaribu kueleza kwamba mabingwa wanatoka Bonde la Ufa, kule Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa yenyewe ni ya kugombania. Mimi nimezaliwa usawa wa bahari hasa, na kimo cha juu kabisa nilichowahi kupanda utotoni ni mnazi. Mbio pekee nilizozijua zilikuwa za kukimbilia feri, na hizo nazo nilikuwa nikichelewa.

Maelezo hayo hayasaidii. Eliud Kipchoge alikimbia Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Kwa mwendo wangu, muda huo ukiisha mimi sijafika hata kilomita ya 17. Hata hivyo mpita njia akiniona natweta kando ya ziwa ananipigia kelele, "Kipchoge!" Nami napunga mkono, kwa sababu pumzi ya kumkosoa sina.

Kosa kubwa nililifanya siku ya kwanza ya kujiunga na kikundi cha wakimbiaji wa mtaani. Kiongozi alituuliza kila mmoja anakimbia kwa mwendo gani. Zamu yangu ilipofika nilisema jina na nchi yangu kwanza, adabu za kwetu, na kabla sijafika kwenye mwendo nilikuwa nimekwisha kupangwa kundi la mbele. Lile kundi lilikuwa la vijana wembamba wenye saa kubwa. Tulipokuwa tukianza mmoja wao akaniambia kwa unyenyekevu, "Tafadhali usituache sana." Niliwafuata mita mia nane. Watu wa Minnesota wana adabu inayouma: hawakucheka wala hawakusema neno. Walisimama tu wakajifanya wanalitazama ziwa, mpaka nilipowafikia, na wakaendelea kulitazama mpaka nilipomaliza kukohoa.

Jumamosi iliyofuata nilijipeleka mwenyewe kundi la mwisho. Huko ndiko nilikokutana na mwanamke wa miaka sabini na moja, mwenye mvi fupi na kofia ya sufu aliyojifumia. Wote walikuwa wakimwita kwa jina lake, hivihivi, kama mtoto wa jirani. Mimi ulimi uligoma. Mtu wa umri wa mzaa mama yangu nitamwitaje kwa jina kavu? Nikamwita Nyanya. Akauliza maana, nikamwambia ile ya heshima, ile ya sokoni nikaiacha. Ilimpendeza. Baada ya mwezi kundi zima lilikuwa likimwita Nyanya, kwa lafudhi ya kizungu, na kila likitamkwa mimi naona fungu la tungule.

Sasa baridi. Aliyekulia Mombasa anajua kipupwe: mwezi wa saba, upepo wa kusi, watu wanatoa sweta sandukuni na kulalamika kwamba hali imekuwa mbaya. Minnesota hunyamazisha malalamiko ya namna hiyo. Hata sifuri ya huku si ile niliyofundishwa shuleni. Wao hupima kwa Farenhaiti, na sifuri yao iko nyuzi 18 chini ya sifuri yetu. Majira yangu ya kwanza nilisikia redioni kwamba leo ni sifuri, nikasema, aa, si mbaya, kama ndani ya friji, nikatoka na koti la mvua.

Kuvaa peke yake ni mazoezi. Soksi jozi mbili, taiti, suruali juu ya taiti, fulana tatu, koti, glavu, na juu ya glavu zile glavu nyingine zisizo na vidole. Mafuta ya mgando mashavuni na puani. Nusu saa nzima. Na mwili una dharau zake: hausubiri uvue, unasubiri umalize kuvaa, ukishafunga kamba ya mwisho ndipo unakukumbusha kwamba tangu alfajiri hujaenda chooni.

Asubuhi moja ya Februari sikukiona kitambaa changu cha kufunikia uso, nikachukua kikoi nilichotoka nacho nyumbani, nikajifunga kichwa na mdomo. Kwa kilomita mbili nilijiona mjanja kuliko Minnesota nzima. Kisha ule mvuke wa pumzi ukaanza kuganda. Kikoi kikawa kikavu na kigumu kama ng'onda aliyesahauliwa juani, na kikashikana na ndevu. Nilifika kwenye mkusanyiko nikitazama upande mmoja tu, kulia, kwa kuwa shingo ilikataa kushoto. Kope nazo zilikuwa zimeota vitone vya barafu, kila nikipepesa macho zinanata. Nyanya alinitazama, akavua glavu moja, akanishika mashavu kwa kiganja chake chenye joto mpaka kikoi kikaachia. Hakuuliza ni kitu gani. Nadhani alidhani ni mila.

Siku hiyohiyo ujumbe wa kundi ulikuwa umesema: "Jumamosi: 10, mwendo wa mazungumzo." Kumi nilizijua. Tukauzunguka Bde Maka Ska, ziwa ambalo jina lake la Kidakota lilirudishwa rasmi na jimbo mwaka 2018, tukalishika Ziwa Harriet, huku wavuvi wakiwa wamekaa juu ya maji, ndiyo, juu yake, kwenye viti, wametoboa barafu na kuchovya ndoano. Mtoto wa pwani hawezi kuzoea jambo hilo. Saa yangu ilipofika kilomita ya kumi nilisimama, nikainua mikono, nikajipongeza kwa Kiswahili. Wenzangu wakaendelea mbele. Nyanya akageuka.

"Umechoka?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumi zao ni maili. Bado kilomita sita.

"Nafunga kamba ya kiatu," nikamjibu, nikainama kweli, nikaigusa kamba ambayo haikuwa imefunguka.

Kamba hiyo ilikuja kulipiza. Zile kilomita za ziada zilinipitisha kwenye dimbwi la tope la theluji na chumvi ya barabarani, lile tope la kijivu linalofanana na uji uliotupwa, na viatu vikalowa. Nilipofika mlangoni kwangu fundo la kamba lilikuwa jiwe. Glavu zimevuliwa, vidole havina habari, kucha zinateleza juu ya fundo. Kiatu chenyewe nimekikaza sawasawa, hakivuliki. Mke wangu ana sheria moja tu nyumbani, viatu visivuke zulia. Basi nikakaa kizingitini, miguu nje na makalio ndani, mlango wazi na baridi yote ya kaunti inaingia sebuleni.

Binti yetu akaja kunichungulia. "Mama! Baba ameganda!"

Mke wangu akatoka na birika la chai. Si la kuninywesha. Alichutama, akamimina maji ya vuguvugu juu ya fundo, kidogo kidogo, kama anayetawadhisha mgonjwa, akalifungua kwa ncha ya uma. Yeye ni Mtaita wa Wundanyi, kwao vilimani kuna ukungu na baridi ya haja. "Baba watoto," akasema bila kuinua kichwa, "kwetu pia kuna baridi. Lakini hatuikimbilii."

Niteleze harakaharaka juu ya kuanguka kwangu, maana nilianguka hivyo hivyo. Barafu ya hatari si ile nyeupe. Ni ile isiyoonekana, lami unaiona kavu kumbe imepakwa kioo. Wenyeji hushauri utembee kama pengwini, miguu imepanuka, hatua fupi. Mimi nilikuwa nakimbia kama mimi. Nilikwenda chini mbele ya kituo cha basi, kwa makalio, nikaseleleka mpaka miguuni pa mzee mmoja Msomali aliyevaa koti refu. Wasomali ni wengi mjini hapa, na wengi wao wamepitia Kenya. Alinitazama, sijui uso wangu ulimwambia nini, akasema kwa Kiswahili safi cha Eastleigh: "Pole, mwanangu. Usikimbilie. Basi lingine laja."

Kwa heshima yake nilisimama naye kulisubiri. Lilipokuja nikapanda. Wiki mbili nilikaa juu ya mto kazini.

Baada ya hapo niliamua kukimbilia ndani. Katikati ya Minneapolis majengo yameunganishwa kwa madaraja ya vioo ghorofani, mtandao wa kilomita 15 hivi ulioanza mwaka 1962, ili mtu aende ofisini, benki na kula bila kukanyaga theluji. Jumapili huwa pametulia. Nilikimbia kama dakika nne kabla mlinzi hajaniambia, kwa ile adabu yao, kwamba humu watu hupendelea kutembea. Lakini saa yangu mle ndani ilikuwa imepotezana na setilaiti. Iliniona narukaruka kutoka jengo hadi jengo, mara niko benki, mara niko ng'ambo ya mto Mississippi. Ikatangaza kwamba nimekimbia kilomita tatu kwa dakika hizo nne, na programu ya simu ikawatumia habari jamaa wote wanaonifuatilia. Kabla sijavua kofia, binamu yangu wa Changamwe alikuwa ameshaniandikia: "Hatimaye damu imeamka!" Mjomba naye akauliza kama serikali imepata habari.

Sikuwakanusha siku ile. Niliacha mpaka Jumatano.

Juni ikafika. Mbio zenyewe sina mengi ya kusema, kwa sababu nilizikimbia nikitazama mgongo wa mtu mmoja: Nyanya, kofia yake ya sufu kiunoni. Mpaka kilomita ya 25 niliuona. Kisha ukawa nukta. Kisha ukawa kumbukumbu. Nilikuwa nimefanya kosa la kuvaa fulana yenye bendera, hivyo kila palipokuwa na watu walishangilia, "Kenya! Kenya!", hata pale kwenye kile kilima kidogo kilichokaa kilomita ya 35 au 36, ambacho mimi nilikipanda kwa kutembea, mikono kiunoni, kama mtu anayekagua shamba. Mtoto mmoja alimwuliza babake kwa sauti kama nimemaliza na sasa narudi. Babake akasema ndiyo. Mungu ampe maisha marefu.

Saa 5 na dakika 12. Nyanya alikuwa amenitangulia kwa dakika ishirini, ameshakula ndizi na kubadilisha soksi.

Agosti tulikwenda nyumbani. Likoni kusi inavuma, shangazi zangu wamevaa sweta, mimi natokwa na jasho hata nikiwa nimekaa. Asubuhi ya tatu mamangu alitaka kuvuka aende mjini, nikamwambia atangulie na kapu lake, mimi nitamfikia. Nilikuwa na medali. Nilikuwa na miezi mitano ya mazoezi ya theluji miguuni. Nikamalizia chai taratibu, mahamri mawili na mbaazi juu yake, nikavaa viatu vya mbio, nikatoka.

Nilipokaribia kivukoni lango lilikuwa limeshafunguliwa na umati unamiminika mteremkoni kuingia feri. Nikaongeza mwendo. Nikampita kijana wa mkokoteni, nikampita mwanafunzi, nikapita mbuzi wawili na mwenyewe. Kwa mara ya kwanza maishani nilijisikia Mkenya. Zilikuwa zimebaki hatua kama thelathini askari alipoburuta lango, kriii, na feri ikaanza kujivuta kutoka gatini.

Pale ukingoni, mbele kabisa ya umati, alisimama mamangu, leso kichwani na kapu mkononi. Aliniona. Akaweka kapu chini ili apunge mkono vizuri.

"Nyanya nizinunue?" akapaza sauti, na feri nzima ikageuka kunitazama.