Sifa za Kishona Nguo

Wamarekani wamelipa heshima gugu lao linalobiringika: kwenye filamu za farasi na bastola, upepo ukivuma tu, limeshakatiza barabara. Sisi watu wa Goma hatujakipa kishona nguo hata sekunde moja ya filamu, na huo ni utovu wa shukrani. Lile gugu lililoingia South Dakota miaka ya 1870, limejificha ndani ya mbegu za kitani kutoka Urusi, ni lazima kwanza likauke, likatike shinani, ndipo upepo ulisukume likimwaga mbegu. Chetu hakifi kwa ajili ya safari. Kinasimama palepale kikingoja suruali yako.

Kukitambua si kazi. Shina lina pembe nne, majani yana meno ukingoni na mara nyingi hukaa matatumatatu, ua ni kijitufe cha njano chenye petali chache nyeupe, au kisicho nazo kabisa. Usihadaike na upole huo. Ua likikauka, kinabaki kichwa cha vijiti vyeusi, kila kimoja na miiba miwili au mitatu nchani, yenye vijimiiba vinavyotazama nyuma kama ndoana. Kuingia kwenye kitambaa ni rahisi. Kutoka ni kesi. Anayetaka uhakika zaidi akatize parseli isiyo na mwenyewe, kisha atazame soksi zake.

Kina adabu pia. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, Januari 2002, hakikukimbilia mawe matupu. Hayo kiliuachia ule ukoga wa kijivu. Chenyewe hufuata udongo uliofukuliwa, yaani hufuata watu. Wala hakibagui: mama muuza mihogo wa Birere, askari, bwana wa shirika mwenye gari jeupe, wote hukibeba bure. Pale Petite Barrière, mpakani na Rwanda, kila mtu akiulizwa karatasi, chenyewe huvuka kwenda Gisenyi na kurudi kwa miguu ya wengine, bila muhuri, bila ushuru. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini nani atathubutu kukiita mgeni?

Wenye mashamba ya maharage wanakichukia, na wana haki. (Sungura na simbilisi wana maoni tofauti.) Majani yake machanga ni mboga, yana uchungu, sitawadanganya, ila lenga-lenga, mchicha wetu, ikipanda bei ulimi hujifunza.

Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, tunakishambulia. Mwenye akili angeking'oa kabla ya maua. Sisi hungoja kikomae, kikauke, kionekane vizuri. Kisha kila mmoja hurudi kwake, Himbi, Ndosho, Majengo, mbegu zimejipanga kwenye mapindo ya suruali.