Mito ya Bi Harusi

Kila binti wa mavyaa wangu aliyeolewa ametoka nyumbani na mito miwili aliyodarizi mamake kwa mkono: waridi jekundu katikati, majani kandokando, ukingo wa buluu. Hapa kwetu Mombasa wageni huiangalia mito hiyo kabla hawajaangalia kitanda. Safari hii aliyechumbiwa ni kitinda mimba, harusi imepangwa Mfungo Mosi, na macho ya mavyaa yameshikwa na mtoto wa jicho. Zamu yake ya upasuaji iliangukia baada ya harusi.

Kudarizi kwa msalaba ni kazi ya hesabu. Chati ni karatasi ya vyumba. Kila chumba ni msalaba mmoja, na alama iliyomo ndani inataja rangi ya uzi. Mdarizi hutazama chati, akahesabu, akarudi kwenye kitambaa, akahesabu tena. Hapo katikati ndipo mavyaa alipokuwa akipotea. Kushona kwenyewe hakukumshinda, kwa sababu sindano ya kazi hii ni butu na vidole vyake hulipata tundu kwa kupapasa. Rangi kubwakubwa alikuwa bado anaziona. Basi wifi yangu, bi harusi mwenyewe, akatoa shauri: picha ihame kutoka kwenye karatasi ije kwenye kitambaa. Tuichape, Mama awe wa kujaza uzi tu.

Mume wangu akasema printa ipo, shida iko wapi? Kitambaa cha Aida, kile chenye safu za matundu ya kupitishia sindano, hakina ugumu wa kuingia kwenye printa peke yake, kwa hiyo alikikata ukubwa wa A4, akakibandika juu ya karatasi nene kwa gundi, akakipiga pasi. Printa ikakipokea kwa adabu mpaka nusu, kisha ukasikika mkwaruzo. Ncha za nyuzi zilizochomoza ukingoni zilikuwa zimejisokota kwenye magurudumu ya mpira. Alilala chali sakafuni na kibano cha nyusi na tochi ya simu, akichomoa uzi mmoja mmoja, na watoto wamemzunguka wakihesabu kwa sauti, mpaka mavyaa akawafukuza wakalale. Kitambaa kilichofuata alikizungushia utepe wa karatasi kwenye kingo zote. Kikatoka kizima, na waridi lake linang'aa. Nyumba nzima ilishangilia.

Mavyaa hakushangilia. Alikipeleka dirishani, akachomeka sindano kwenye ukingo wa kushoto, akasogea tundu kwa tundu kuelekea kulia. Katikati ya ua akasimama. "Mwanangu, hili jani laisha wapi? Nusu ya chumba ni kijani, nusu nyekundu. Nishone lipi?"

Alikuwa amegundua ambalo sisi wenye macho mazima hatukuliona. Kitambaa chetu kilikuwa cha matundu 14 kwa inchi, na ua letu lina vyumba 98 kwa upana, yaani inchi 7 kamili. Printa nyingi za nyumbani, usipozikataza, hupunguza ukurasa kidogo ili uenee ndani ya pambizo. Punguza asilimia 4, inchi 7 zinakuwa 6.72, na ua la vyumba 98 linakalia vyumba 94 tu. Upande wa kushoto kila kitu kiko sawa. Ukifika kulia, picha imeshahama vyumba vinne. Na hata ukiizuia printa isipunguze, kitambaa nacho kina mambo yake: pasi ikikivuta kwa pembe, safu za matundu zinapinda, lakini picha inatoka imenyooka. Picha ikigombana na matundu, matundu ndiyo yanayoshinda, maana sindano haina pengine pa kupita.

Isitoshe, wino ule haukuwa wa kustahimili maji. Wifi alidondosha tone moja la maji ukingoni, akagandamiza kwa pamba nyeupe, pamba ikawa ya waridi. Mto lazima ufuliwe. Wekundu ule ungetambaa mpaka kwenye nyuzi nyeupe na kazi ya miezi ingeharibika kwa beseni moja.

Tukaenda mjini kwa jamaa anayechapa fulana na vikombe. Yeye hutumia mashine ya joto: picha huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, kisha hukandamizwa juu ya nguo kwa moto unaokaribia nyuzi joto 200, wino ukageuka mvuke na kuingia ndani ya uzi. Kwa fulana za polista ni kazi safi kabisa. Aida yetu ilikuwa pamba tupu, na pamba haiushiki wino wa namna hiyo. Fundi hakuuliza kitambaa ni cha nini, akachukua pesa, akakandamiza. Tulikifua siku hiyohiyo, tukabaki na kivuli cha ua.

Hapo nikawakumbuka mafundi wa chikan, udarizi wa Lucknow, India, ambao hupiga nakshi kwenye kitambaa kwa mihuri ya mbao na rangi ya buluu ambayo, kazi ikiisha kushonwa, huoshwa ikatoka yote. Nawaheshimu sana kwa hilo. Alama ya kumwongoza mdarizi ama itoke yote ama ikae moja kwa moja. Inayotoka nusu ndiyo inayoua kazi.

Sisi tulichagua ikae. Wifi alinunua kanvasi ngumu ya matundu 10 kwa inchi, ili ua lienee karibu inchi 10 na matundu yaonekane, pamoja na rangi ya akriliki na brashi nyembamba. Usiku, mamake akishalala, alikaa na chati akipaka makutano ya nyuzi, chumba kimoja baada ya kingine. Mwanzoni mwa karne ya 19 wanawake wa Berlin walilipwa kwa kazi kama hiyo, kupaka rangi kwa mkono vyumba vya chati zilizochapwa, na chati zao zikauzwa Ulaya nzima. Kila alipomaliza safu aliinua kanvasi na kuipuliza, kwa sababu rangi ikiziba tundu sindano haipiti. Ilipokauka tukairudishia tone la maji na pamba. Pamba ikatoka nyeupe.

Mavyaa hukaa nayo barazani tangu asubuhi. Haulizi hesabu tena. Anauliza rangi tu, na wajukuu wanamtungia sindano, nyekundu zake mkono wa kulia, kijani kushoto. Mto wa kwanza umekwisha na umejazwa pamba. Wa pili amefika nusu ya ua, na juzi amefumua majani mawili. Anasema kijani alichopaka bi harusi kimepauka, yeye amezoea majani meusimeusi ya mito ya binti zake wakubwa, na ameagiza uzi mwingine. Wifi amemwambia rangi ya chini itafunikwa, ashone atakavyo. Zimebaki wiki tatu.